Mkono Ulio Chini ya Gunia

Kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni gizani, wirrr, wirr, wir, mpaka kikatulia chini ya meza. Nthambi hakufungua macho. Alijua mumewe amesimama pale pale kando ya stovu, mkono wa kushoto umebaki hewani, anasikiliza kama amewaamsha.

"Kiko chini ya meza," Nthambi akasema.

"Lala, Mama Kanyiva. Ni kifuniko tu."

Ni kifuniko tu. Jana kilikuwa kikombe. Juzi kiberiti kilimwagika chote, na Mutisya akapiga magoti akiokota njiti moja moja kwa mkono wa kulia, huku akipiga mluzi ili ionekane kama anafanya mchezo. Nthambi alijifunika shuka hadi kidevuni, akamvuta mtoto karibu. Chumba chao cha Shauri Moyo kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua, na pazia halifichi sauti. Akamsikia akinywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, akiwa amesimama, akamsikia akivaa viatu, mlango ukafungwa polepole.

Mutisya alikuwa hamali kwenye stoo ya mahindi kule Gikomba. Mwaka uliotangulia gunia liliteleza likambana mkono wa kushoto kwenye ubao wa lori. Mkono ulipona, lakini kidole cha mwisho na jirani yake vilibaki vimenyooka kama vijiti vya ufagio, havikunjiki hata ukivibembeleza. Kwa miezi mingi hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu mahamali wote walifanya kazi kwa kulabu, kile chuma kifupi kilichopinda chenye mpini wa mti. Vidole vitatu vilimtosha kushika mpini. Kulabu ikizama kwenye gunia la katani, gunia linanyanyuka. Ukiichomoa, nyuzi zinarudiana kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano. Mvua ilikuwa imekataa, na chakula kilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, halafu kwa treni, halafu kwa lori, ndani ya magunia meupe ya nailoni yanayoteleza kama samaki. Nailoni ukiichoma kulabu mara moja inachanika mpaka chini, na mahindi yote yanalala sakafuni. Mwenye stoo, Mzee Hared, aliona hivyo mara ya kwanza, akaona mara ya pili, akasema kulabu zisionekane tena kwake. Nyapara wake, Zedekiah, akapita na debe akizikusanya kama mwalimu anayenyang'anya watoto manati.

"Mikono mlipewa na Mungu," Zedekiah aliwaambia. "Itumieni."

Siku hiyo hiyo aliuona mkono wa Mutisya. Alimwita pembeni, na hakumtukana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Bwana Mutisya, Jumamosi tunaletewa mzigo wa treni. Kama mkono haushiki, utakwenda kufagia na akina mama, na mwenzako Wekulo nitampa mtu mwingine."

Kufagia haikuwa aibu. Mama yake Nthambi alifagia maisha yake yote. Ila wafagiaji waliitwa siku moja, siku mbili hawakuitwa, na chumba cha Shauri Moyo kilitaka mtu anayeitwa kila siku. Halafu kulikuwa na Wekulo. Mutisya na Wekulo walikuwa wakipandisha magunia pamoja tangu kabla ya Kanyiva kuzaliwa. Walikuwa wamejaribu kila njia. Hata walibadilishana upande; gunia likaanguka karibu na kidole cha mguu cha Wekulo, naye akaruka akipayuka kwa Kibukusu maneno ambayo mpaka sasa amekataa kuyatafsiri.

Nthambi hakujua kubeba gunia. Alijua kushona. Mara mbili kwa wiki, jua likishatua, alimwachia mumewe mtoto na uji, akaenda kwenye masomo ya jioni katika ukumbi wa mtaa: kusoma, hesabu, na ushonaji wa Mwalimu Khalayi, ambaye aliwafundisha kwamba hakuna vazi lisiloweza kuchorwa kwanza kwenye gazeti. Nthambi aliamini hivyo kabisa. Aliamini hata vitu vingine, mbali na nguo, vingeweza kuchorwa kwanza kwenye gazeti, kama mtu angetulia na penseli.

Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa, Mutisya alipolala chali akikoroma, alimchora mkono. Aliuweka wa kushoto juu ya gazeti, akauzungushia penseli, kidole kwa kidole, akipita taratibu kwenye vile viwili vilivyokufa. Kisha akamzunguka kitandani akachora wa kulia. Kanyiva, aliyekuwa na miaka minne na maswali mengi, alisimama akaangalia.

"Mama, unaandika Baba?"

"Naandika mikono yake. Shhh."

"Na mimi."

Akachorwa na yeye, kiganja kidogo ndani ya kiganja kikubwa, ndipo akanyamaza.

Fundi wa akala, vile viatu vya tairi, wa Kariokor alimpa vipande vya tairi na tyubu. Turubai alikata kwenye kifuniko cha zamani cha lori. Juma hilo, jioni za darasa, wenzake walishona mikono ya blauzi na yeye akashona mikono ya hamali. Mwalimu Khalayi alikuja akasimama nyuma yake, akauliza ni nini, akaelezwa, akaenda kuleta sindano nene ya kushonea viatu.

Mgongo wa glavu ulikuwa turubai. Kiganja kilikuwa mpira wa tairi, na Nthambi aliuchonga meno kwa kisu, mstari kwa mstari, mafupi na magumu, ili yaume nailoni bila kuitoboa. Kitu alichojivunia zaidi kilikuwa ulimi. Alikata ukanda wa tyubu, akaufunga kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda na kifungo cha chuma, ukapita kiganjani ukaning'inia. Sikio la gunia, ile pembe ya juu iliyosokotwa, unalizungushia ulimi, unabana kwa vidole vitatu, na uzito unaning'inia kwenye kifundo cha mkono, si kwenye vidole.

Alijaribu mwenyewe uani, penye bomba. Alivaa ya kushoto, akavinyoosha vidole vyake viwili kama vya mumewe, akauzungusha ulimi kwenye mpini wa debe lililojaa maji. Debe likainuka. Akalirudisha. Akaliinua tena kwa sababu tu lilikuwa linainuka.

Kanyiva alikuwa ameshavaa ya kulia mguuni.

"Vua, mama. Hiyo ni pea."

"Nataka moja tu."

"Pea haigawanywi. Ni kama viatu. Ukimpa mtu kiatu kimoja, wewe unabaki na nini?"

Kanyiva akafikiri. "Kimoja."

"Enhe. Sasa utatembea vipi?"

Mtoto akaivua mguuni, taratibu.

Ijumaa asubuhi, kabla Mutisya hajafika kwenye stovu, Nthambi aliwasha taa, akamwekea glavu mezani. Mutisya alizitazama kama mtu aliyekuta wageni nyumbani. Akavaa ya kushoto. Akafunga mkanda, akafungua mkono, akaufunga.

"Umenipima lini?"

"Ulipokuwa unakoroma."

Akacheka kidogo. Akachukua ya kulia, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye meno ya mpira. Aliitazama hiyo muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

"Na ya kulia pia?"

"Kwani una mkono mmoja, Baba Kanyiva?"

"Hapana," akasema. "Hapana. Ni nzuri." Akazivaa zote mbili, akatoka nazo hivyo hivyo, na Nthambi akamsikia jirani akiuliza kule nje, "Mutisya, unakwenda kupigana na nani?"

Siku nzima alifua nguo akiwa na furaha ya kitoto. Alianika, akaanua, akakuta ameanika tena zilizokauka.

Jioni Mutisya hakurudi peke yake. Wekulo alikuwa nyuma yake, jitu la watu, akainama kupita mlangoni, kitambaa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mutisya aliweka glavu mezani taratibu, moja juu ya nyingine.

"Shemeji," Wekulo akasema, akijikalisha kwenye kigoda kilicholalamika, "mimi nilidhani umeshona glavu. Kumbe umeshona mamba."

"Nini?"

"Nimeumwa. Angalia." Akafungua kitambaa. Ngozi ya kifundo cha mkono ilikuwa imechubuka mistari mistari, sawasawa na ile mistari aliyoichonga Nthambi kwa kisu. "Asubuhi wote wanamwita bondia. Bondia, leo ni raundi ngapi? Mimi nawaambia nyamazeni, huyo ni mwenzangu. Gunia la kwanza tu, bondia akaning'ata."

Nthambi alimgeukia mumewe. "Lakini ni za kushika gunia. Ulimshika Wekulo kwa nini?"

Wanaume wawili wakatazamana. Wekulo akaanza kucheka, akaacha.

"Hajui," akasema. "Mutisya, huyu hajui. Simama."

Kwenye kona kulikuwa na gunia la makaa, limebaki nusu. Walilivuta katikati ya chumba, wakasimama wakitazamana, gunia kati yao. Mutisya akashika sikio la upande wake kwa mkono wa kushoto. Wekulo, aliyemkabili, akashika la kwake kwa mkono wa kulia. Kisha wote wawili wakainama, na ile mikono iliyobaki ikapotea chini ya tumbo la gunia.

"Chungulia, shemeji."

Nthambi alichukua taa, akapiga magoti. Kule chini mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umekamata kifundo cha Wekulo, na wa Wekulo umekamata cha mumewe, kama watu wanaosalimiana baada ya kutoonana miaka mingi. Gunia lilikaa juu ya mikono hiyo kama mtu aliyekalishwa kitini.

"Mkono mmoja ni wa gunia," Mutisya akasema kutoka juu. "Mwingine ni wa mwenzako. Huo ndio unaobeba. Tunaliyumbisha mara moja, mara ya pili linapanda mgongoni kwa mbebaji."

Kanyiva naye alikuwa amechungulia. Gunia likashushwa. Nthambi akabaki amepiga magoti, mikono imejaa vumbi la makaa. Miaka mitano alimfulia huyu mtu mashati, alijua mahali shati linapotoboka, begani na tumboni, na hakuwahi kuuliza gunia linapandaje. Alikuwa ameichora mikono yote miwili ikiwa imelala.

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

Mutisya alikuna shingo. "Ulikuwa umeshashona mbili."

"Kwa hiyo ukaamua kumchuna Wekulo?"

"Nilidhani nitamshika polepole."

"Polepole!" Wekulo akasema. "Gunia la mahindi! Polepole!" Sasa akacheka mpaka kigoda kikasogea. "Nyinyi Wakamba na uchongaji wenu. Afadhali angekuchongea mkono wa mpingo tukajua moja."

Nthambi aliwapa chai. Aliosha mchubuko wa Wekulo kwa maji ya chumvi, naye akatulia kama mtoto anayenyolewa. Kazi ya kesho ikapangwa hapo hapo: Mutisya avae ya kushoto peke yake, ya gunia. Ile ya kulia haina kazi.

"Weka, shemeji," Wekulo akasema akiondoka. "Utashikia sufuria za moto."

Akaitupa kwenye kikapu, akikusudia kuifumua siku nyingine apate mpira wake.

Jumamosi hakuweza kukaa nyumbani. Alifunga githeri, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli, akaiweka kwenye kikapu kile kile, akamshika Kanyiva mkono, wakateremka hadi Gikomba. Mlango wa stoo ulikuwa mkubwa kama wa kanisa. Lori lilikuwa limesimama nje, na mahindi ya manjano yalinukia vumbi na meli. Akina mama wafagiaji waliwasogezea nafasi pembeni, juu ya magunia matupu. Ufagio mmoja ulikuwa umeegemezwa ukutani bila mwenyewe.

Ilikuwa karibu saa sita. Mashati ya wanaume yalikuwa yamegandana na migongo. Nthambi alimwona Mutisya kwenye rundo, glavu moja mkononi, Wekulo mbele yake, na mbebaji ameinama akisubiri. "Haya, weka!" Gunia likayumba, likapanda. La pili likapanda. Moyo wake ukapanda nayo. Upande wa Mutisya ulikuwa imara kama umepigiliwa msumari.

La tatu likayumba, likapinda ghafla, likamponyoka mtu, likaanguka kwa kishindo kilichomfanya Kanyiva azibe masikio. Mbebaji alikuwa ameruka kando. Mshono ulikuwa umepasuka na mahindi yanatiririka.

Zedekiah alitoka ofisini mbio, miwani kwenye paji la uso. Hakuuliza. Alitazama mahindi, akatazama glavu, akautazama ule ufagio ukutani.

"Nilisema Jumamosi, sikusema? Bondia, vua hilo dude lako. Chukua ufagio."

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kengele ya mwisho," na wengine wakacheka kidogo. Mutisya hakujitetea. Alianza kufungua kifungo cha mkanda kwa mkono wa kulia, na Nthambi akaona kwamba bado ameshika kitu kwa ule wa kushoto: sikio la gunia, limezungukwa na ulimi wa tyubu. Gunia lilikuwa limeanguka, lakini pembe hiyo ilikuwa haijamtoka.

Na Wekulo naye aliona kwamba Nthambi ameona. Alikuwa amesimama akifuta kiganja cha kulia kwenye suruali, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Jasho lilikuwa limejaa mpaka kwenye vidole. Angenyamaza tu, jambo lingekwisha. Zedekiah angempa mwenzake mpya mwenye vidole kumi, kabla ya chakula cha mchana.

"Nyapara," Wekulo akasema.

"Nini wewe?"

"Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si yeye aliyeachilia. Angalia, bado ameshika. Ni mimi." Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Nailoni inateleza. Upande wake hausogei, mzigo wote unanijia mimi, na mimi mkono umejaa jasho. Ni mimi, bana."

Zedekiah alishusha miwani machoni. Alisogea, akainama, akaivuta ile pembe ya gunia mkononi mwa Mutisya. Akavuta tena kwa nguvu. Haikutoka.

Nthambi alikuwa ameshasimama. Hakuwa na mpango wa kusimama. Bakuli la githeri alimwachia mama mmoja, akachimba kikapuni, na akawa anatembea juu ya punje zinazoviringika chini ya viatu, mbele ya wanaume wote wale.

"Shemeji," akamwambia Wekulo. "Gunia unashika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Si nilikuonyesha?"

"Basi huyu mamba wa kulia ni wako."

Vicheko vikapasuka. "Mabondia wawili!" "Raundi ya pili!" Wekulo aliitazama glavu, akawatazama waliokuwa wakicheka, na uso wake ukapita kwenye mambo mengi. Alikuwa ndiye mwenye mzaha stoo nzima. Hakuzoea kuwa upande huu wa kicheko. Kisha akaupenyeza mkono. Ilimbana kwenye gumba. Nthambi alilegeza mkanda matundu mawili, akafunga, akamwonyesha ulimi unavyozunguka.

"Mkono wa chini ubaki mtupu," akasema. "Wote wawili."

"Hilo najua, shemeji. Nina alama."

Mutisya alifunga tena kifungo alichokuwa ameanza kukifungua. Walichukua gunia zima kutoka kwenye lori, wakasimama wakitazamana. Wa kushoto na wa kulia, kila mmoja nje, kila mmoja na ulimi wake kwenye sikio lake. Kisha wakainama, na mikono miwili mitupu ikatafutana kule chini, ikapatana. Mbebaji akainamisha mgongo, ingawa alionekana kama anaomba kwanza.

"Haya," Wekulo akasema. "Moja. Weka!"

Gunia liliyumba mara moja, likanyooka, likapanda kwa ulaini, pande zote mbili kwa pamoja, likatua mgongoni kama limeitwa kwa jina. Mbebaji akaondoka nalo. Hakuna aliyecheka.

Zedekiah alisimama akalifuata gunia kwa macho mpaka likafika kwenye rundo. Kisha akaenda ukutani, akauchukua ule ufagio, akampa mmoja wa akina mama ayakusanye mahindi yaliyomwagika.

"Lingine!" akapiga kelele, akarudi ofisini.

Mutisya akamtazama mkewe mara moja, kichwa kikasogea kidogo tu, maana Wekulo alikuwa ameshainama na anamngoja. Nthambi alirudi pembeni. Akaketi juu ya magunia matupu, akamchukua Kanyiva magotini. Mtoto alikuwa na kidole mdomoni, akiwatazama baba yake na Wekulo, mkono huu na mkono ule, gunia likipanda na lingine likipanda. Akatoa kidole.

"Mama," akasema kwa sauti, stoo nzima ikasikia, "wamegawana pea."